Ndoo ile ile, mchanga ule ule, kilo tofauti

"Mtaalamu, nina ndoo ya lita 20 na mizani ya kuning'iniza. Nilianza na maji, nikapata kilo 20, nikafurahi. Nikajaza mchanga mkavu nikapata kilo 32. Wiki iliyofuata mchanga ulikuwa na unyevu, nikajaza ndoo ile ile mpaka ukingoni, nikapata kilo 27. Nilitegemea uwe mzito zaidi kwa sababu umelowa! Mfuko wa saruji wa kilo 50 nao mara unajaza ndoo mbili kasoro, mara ndoo mbili na ushee. Nilipotafuta kwenye majedwali nikakuta saruji ina densiti ya 1.44, kwingine 3.15. Mizani yangu imeharibika, au majedwali ndiyo yanayodanganya? Naomba kanuni moja tu ya kubadili lita kuwa kilo, nimechoka kubahatisha."

Mizani yako ni nzima. Majedwali nayo hayakudanganya, na zile kilo 27 zilizokushangaza ni jibu sahihi. Kilichokukwaza ni dhana ambayo karibu kila mtu huanza nayo, kwamba kila kitu kina namba yake moja ya kuzidisha, kama maji yalivyo na 1. Kanuni ni moja kweli. Namba ndiyo inayobadilika, kwa kuwa inafuata hali ya kitu wakati unapokipima.

Kanuni yenyewe ni fupi. Ukitaka kilo, zidisha lita kwa densiti. Ukitaka lita, gawanya kilo kwa densiti. Densiti, ambayo wengine huiita msongamano, ni jibu la swali dogo tu: lita moja ya kitu hiki ina kilo ngapi? Dizeli ina karibu 0.84, kwa hiyo ndoo yako ikijaa dizeli itabeba kilo 16.8. Chuma kina 7.85, kwa hiyo pande la chuma lenye ujazo wa ndoo hiyo hiyo lingekuwa na kilo 157, na hungelisogeza peke yako.

Kwenye majedwali utaikuta densiti imeandikwa kwa sura nyingi. Kilo kwa lita, gramu kwa sentimita ya ujazo na tani kwa mita ya ujazo zote hutoa namba ile ile. Ukiona 1,440 mahali ulipotarajia 1.44, basi hiyo ni kilo kwa mita ya ujazo. Gawanya kwa 1,000 uendelee na kazi. (Walimu wa fizikia watanikosoa kwa kusema uzito badala ya tungamo. Wana haki yao, lakini kwa kazi ya ndoo na mizani tofauti hiyo haitakuharibia hesabu.)

Maji kuwa na 1 si bahati. Mwaka 1795 Ufaransa ilitunga sheria iliyoweka gramu kuwa uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji baridi, na kilo ikazaliwa humo. Kati ya 1901 na 1964 hata lita yenyewe ilielezwa kuwa nafasi inayojazwa na kilo moja ya maji. Siku hizi kilo haitegemei maji tena. Tangu 2019 imefungwa kwenye namba isiyobadilika ya fizikia. Ila ule urafiki wa lita na kilo umebaki kwenye maji, na ndio unaowafanya watu wadhani lita ni kilo popote pale.

Vimiminika ndiyo sehemu nyepesi. Kimiminika hujaza kila kona ya chombo, hakiachi mwanya, kwa hiyo namba ya kwenye jedwali unaweza kuitumia bila wasiwasi mkubwa. Petroli huwa kati ya 0.72 na 0.78, mafuta ya taa karibu 0.8, mafuta ya mimea karibu 0.92, asali karibu 1.4, zebaki zaidi ya 13.5. Joto hugusa namba hizi kidogo. Maji ya nyuzi 20 yana 0.998, ya nyuzi 40 yana 0.992, tofauti ambayo mizani ya kuning'iniza haitaiona. Petroli hutanuka zaidi: lita 1,000 zikipata nyuzi 10 za joto la ziada huongezeka kwa lita 9 au 10 hivi, na kilo zikabaki zile zile. Anayenunua ndoo moja hatajali. Anayepokea lori zima atajali.

Kabla sijaenda kwenye mchanga wako, nikupe kipimo cha akili ambacho mimi hukitumia kila siku. Jiulize: kitu hiki kinaelea juu ya maji au kinazama? Kikielea, kilo zake lazima ziwe chache kuliko lita. Kikizama, na si rundo la punje au unga lenye hewa ndani, lazima ziwe nyingi. Unaweza kukiona ni cha kitoto, lakini kuna ndege ambayo kipimo hicho kingeiokoa. Julai 23, 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliyokuwa ikienda Edmonton kutoka Montreal iliishiwa mafuta angani, injini zote mbili zikazima. Safari ilihitaji kilo 22,300 za mafuta, na kabla ya kuongezwa mengine, matangi yalikuwa na lita 7,682. Katika kubadili lita hizo kuwa kilo ilitumika namba 1.77, ambayo kwa kweli ni ratili zilizomo katika lita moja ya mafuta hayo, badala ya 0.8 ambayo ni kilo. Lita 7,682 zikahesabiwa kuwa kilo 13,600 hivi, kumbe zilikuwa kama 6,200. Mafuta ya ndege huelea juu ya maji. Lita elfu saba na ushee haziwezi kamwe kutoa kilo elfu kumi na tatu. Marubani waliiteremsha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa jeshi huko Gimli, Kanada, na watu wote 69 waliokuwamo wakapona.

Sasa mchanga. Ukitazama ndoo iliyojaa mchanga unaona kitu kimoja kilichojaa. Kwa kweli unatazama vitu viwili, yaani punje na hewa iliyo katikati ya punje. Punje za mchanga wa kawaida ni jiwe gumu lenye densiti ya 2.65 hivi. Ndoo yako ya mchanga mkavu ilikuwa na kilo 32, sawa na 1.6 kwa lita. Gawanya 1.6 kwa 2.65 utapata karibu 0.6. Maana yake ni kwamba katika lita zako 20, lita 12 ndizo zilizokuwa mawe, na lita 8 zilikuwa hewa tupu. Ukitaka kuamini kwa macho, jaza mchanga mkavu kwenye glasi mpaka ukingoni kisha mimina maji polepole. Yataingia mengi kabla hayajamwagika, na yote yanaingia mahali ulipodhani pamejaa.

Kwa hiyo kila kitu cha punje au cha unga kina densiti mbili. Ya kwanza ni ya punje yenyewe bila hewa. Ya pili ni ya rundo pamoja na hewa yake. Saruji ya 3.15 ni punje. Saruji ya 1.44 ni rundo. Jedwali moja lilikuwa linajibu swali moja, la pili swali jingine, na mara nyingi waandishi wa majedwali hawajisumbui kusema ni lipi. Kwa kubadili ndoo kuwa kilo, unayoitaka ni ya rundo.

Lakini rundo nalo halitulii. Saruji iliyomwagwa sasa hivi kutoka mfukoni imevuta hewa, ni laini kama povu, na inaweza kushuka hadi 1.2. Ikitikiswa na kukaa hupanda kuelekea 1.5. Kilo 50 ukizigawa kwa 1.44 unapata lita 34.7, yaani ndoo moja na robo tatu. Ukizigawa kwa 1.2 unapata karibu lita 42, ndoo mbili na ushee. Umeiona? Hayo ndiyo majibu yako mawili, na mfuko haukuongezwa wala kupunguzwa chochote. Hii ndiyo sababu kwenye kazi ya zege naiona saruji kuwa kitu cha mwisho kabisa cha kupimwa kwa ndoo. Mfuko umeshapimwa kwa kilo kiwandani, basi utumie mzima na upime vingine kuufuata.

Tuje kwenye kile kilichokuchanganya zaidi: mchanga umelowa, ukawa mwepesi. Maji machache yakiingia kwenye mchanga hayashuki chini yakatulia. Yanajipaka kwenye kila punje kama utando mwembamba, na tando za punje jirani zinapogusana hushikana. Ndiyo maana mchanga wenye unyevu unaweza kuufinyanga kama mpira kiganjani ukasimama, na mkavu humwagika. Mshiko huo huzuia punje kuteleza na kujipanga vizuri. Zinabaki zimesimamiana ovyo, mianya ikiwa mipana, na rundo linavimba. Unyevu wa asilimia 4 hadi 6 tu unatosha kuuvimbisha mchanga kwa asilimia 20 hadi 30, na mchanga laini sana huvimba hata zaidi.

Tufanye hesabu yako. Mchanga mkavu ulikuwa 1.6 kwa lita. Ukivimba kwa asilimia 25, kila lita inabaki na kilo 1.28 za mchanga. Ongeza asilimia 5 ya maji, unapata 1.34. Zidisha kwa 20: kilo 26.9. Mizani yako ilisema 27. Nakuambia ukweli, ni nadra kupata swali lenye vipimo vilivyokaa sawa namna hii.

Sasa endelea kidogo. Chukua mchanga huo huo na uuzamishe kabisa: weka maji kwenye ndoo kwanza, kisha mwagia mchanga taratibu hadi ujae na maji yakae usawa wa ukingo. Hapo hakuna hewa tena, hakuna tando, punje zimeachiana na kushuka mahali pake. Utapata lita 12 za mawe, ambazo ni kilo 32, na lita 8 za maji, ambazo ni kilo 8. Jumla kilo 40. Ndoo moja, mchanga mmoja, na majibu matatu: 32, 27 na 40. Hakuna hata moja lililo na kosa.

Athari yake kwenye kazi si ndogo. Tuseme mchanganyiko ni wa moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, na kwa kila mfuko wa saruji unapima lita 70 za mchanga. Ukiwa mkavu umeweka kilo 112. Ukiwa na unyevu kama wako umeweka kilo 90 tu za mchanga, pamoja na lita 4 na nusu za maji ambayo hukuyahesabu. Kama ulipanga kumimina lita 25 za maji kwa mfuko huo, tayari karibu moja ya tano yake imo ndani ya mchanga. Fundi atamimina lita zake 25 kama kawaida, atashangaa zege limekuwa uji, na atasema saruji ya safari hii ni mbaya. Maji yakizidi zege hupoteza nguvu, hata kama likikauka linaonekana sawa.

Huhitaji maabara kujua mchanga wako umevimba kiasi gani. Tafuta chombo cha pande zilizonyooka. Tia mchanga wenye unyevu kufikia theluthi mbili bila kuushindilia, sawazisha, pima kimo kwa rula. Tuseme ni sentimita 20. Utoe wote, tia maji hadi karibu nusu ya chombo, urudishe mchanga ndani kidogo kidogo huku ukikoroga, uache utulie. Pima tena. Ukishuka hadi sentimita 16, tofauti ni 4. Gawanya kwa 16, unapata 0.25. Umevimba kwa robo, kwa hiyo mahali palipotakiwa ndoo nne weka tano. Kugawanya ni kwa kimo cha pili. Wengi hugawanya kwa kile cha kwanza na kupata asilimia 20, ndipo hesabu inapopinda.

Unyevu wenyewe ni rahisi zaidi. Pima gramu 1,000 za mchanga, ukaange kwenye karai juu ya moto huku ukigeuza mpaka usitoe mvuke, upime tena. Ukibaki 952, maji yalikuwa gramu 48, na 48 gawanya kwa 952 ni asilimia 5.

Ipi ina faida zaidi, kupima kwa kilo au kwa ndoo? Hukuuliza moja kwa moja, lakini ndilo swali lililojificha humo. Kupima kwa kilo ni bora, sina mjadala. Kilo hazijali hewa, mtikisiko wala kuvimba. Unabaki kurekebisha maji ya unyevu tu. Tena kilo hujumlishika kwa uaminifu na lita hazijumlishiki. Changanya mililita 50 za maji na mililita 50 za spiriti halisi utapata kama 96 au 97, si 100. Ila kupima kila kitu kwa mizani kunachosha na kunachelewesha, na kwa kazi ndogo ndoo inatosha kabisa, mradi uwe umeipima ndoo hiyo wewe mwenyewe, kwa mchanga huo huo na kwa namna ile ile ya kujaza.

Na hapo nina swali kwako. Zile kilo 20 za maji, ulitoa uzito wa ndoo tupu? Kama hukutoa, na ndoo ina kilo moja, basi ndoo yako ni ya lita 19 na hesabu zangu zote zinasogea kidogo. Rudia: pima tupu, pima ikiwa na maji hadi ukingoni, toa. Kilo zilizobaki ndizo lita za kweli za chombo chako, bila kujali kilichoandikwa ubavuni. Halafu tafuta ubao ulionyooka wa kusawazishia. Kichuguu cha mchanga chenye kimo cha sentimita 8 juu ya ndoo ya kipenyo cha sentimita 30 ni karibu lita 2, sawa na kilo 3, na hakuna fundi anayerudia kichuguu kile kile mara mbili.

Ile 3.15 nayo usiitupe, ina kazi yake. Ukitaka kujua zege litatoka kiasi gani, hesabu mawe bila hewa, kwa sababu hewa hiyo itajazwa na vitu vidogo na maji. Mfuko mmoja: 50 gawanya kwa 3.15 ni lita 16. Mchanga mkavu kilo 112 gawanya kwa 2.65 ni lita 42. Kokoto lita 140, zenye 1.55 kwa lita, ni kilo 217. Gawanya kwa 2.65 ni lita 82. Maji lita 25. Jumla ni lita 165. Ulipima lita 245 za vitu vikavu, ukaongeza 25 za maji, zikatoka 165. Wanaoagiza vifaa kwa kudhani lita 245 zitajaza lita 245 ndio wanaoishiwa katikati ya kazi.

Ukomo wa ushauri huu ni huu. Kwa sakafu ya banda, njia ya kutembea au kujaza shimo, ndoo uliyoipima inatosha. Kwa nguzo, boriti, sakafu ya ghorofa au tangi la maji, usitegemee majibu yangu ya maandishi. Mhandisi aje aone, achukue sampuli ya mchanga na kokoto zako, na vipande vya zege vipelekwe maabara kuvunjwa. Ukinunua au kuuza mafuta kwa wingi, mizani na vyombo vikaguliwe na wakala wa vipimo. Na kuna mahali ambapo hesabu ya densiti haitumiki kabisa, nako ni dawa. Chupa ikiandikwa miligramu 250 kwa mililita 5, hiyo ni dawa iliyomo ndani ya kimiminika, si uzito wa kimiminika chenyewe. Hapo muulize mfamasia, na utumie kijiko au bomba lililokuja na dawa.